Safari ya kumbukumbu ya ndoa huanzia kwa anayebaki nyumbani

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu yako ya barua. Kurasa za safari magazetini hupenda kumwonyesha mke na mume wamesimama ufukweni, jua linazama, na chini yao orodha ya sehemu kumi za kwenda wanandoa wanapotimiza miaka kadhaa. Jua lizame tu, hatuna ugomvi nalo. Ila sisi ambao kazi yetu ni kupanga safari za namna hiyo tunajua kwamba ni nadra safari kuharibikia ufukweni. Huharibikia nyumbani wiki moja kabla, kwa sababu hakuna aliyeandika mtoto apewe dawa kiasi gani. Au huharibika siku ya pili, saa nane mchana, watu wawili wanaopendana wamesimama juani kwenye foleni ya sehemu ya tano, viatu vinabana, na kila mmoja anaamini mwenzake ndiye aliyetaka kuja. Kwa maneno mengine, safari hizi huuawa na habari zisizopangwa na saa zisizohesabiwa. Orodha za sehemu nzuri hazigusi hata moja kati ya hayo mawili.

Tuanze na anayebaki. Awe bibi, shangazi, mlezi wa kulipwa au kaka mkubwa, mtu huyu anahitaji karatasi moja. Tunasema moja, maana daftari la kurasa nane halifunguliwi usiku wa manane mtoto akiwa na homa. Upande wa mbele yaandikwe ya mwili: jina kamili la kila mtoto kama lilivyo kwenye cheti cha kuzaliwa, uzito wake uliopimwa mwezi huu, kitu kinachomdhuru akikila au akikigusa, dawa anazotumia na saa zake, hospitali ya kwenda kwanza, na ya pili kama ile ya kwanza imefungwa. Upande wa nyuma yawe ya nyumba: bomba kuu la maji linafungwa wapi, swichi kuu ya umeme iko wapi, mtungi wa gesi unafungwaje, nani ana ufunguo wa akiba, na nani peke yake anayeruhusiwa kumchukua mtoto shuleni. Hilo la mwisho shule nayo ipewe kwa maandishi. Mlinzi wa geti hawezi kujua kuwa shangazi aliyekuja leo ndiye yule aliyetajwa kwenye simu jana.

Tumeutaja uzito kwa makusudi. Parasetamoli ya mtoto hupimwa kwa kilo: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya mwili, kila baada ya saa 4 hadi 6, isizidi mara nne kwa siku. Mtoto wa kilo 16, kwa kipimo cha juu, hupata miligramu 240. Ikiwa chupa imeandikwa miligramu 120 kwa mililita 5, basi hiyo ni mililita 10. Sasa tuseme chupa imeisha, na mlezi amekwenda dukani akapewa ya miligramu 250 kwa mililita 5, ambayo imetengenezewa watoto wakubwa. Akimimina mililita zilezile 10 alizozoea, mtoto amekunywa miligramu 500, zaidi ya mara mbili ya kipimo chake. Mlezi hajazembea hata kidogo, kwani alifuata maagizo aliyopewa. Maagizo ndiyo yaliyokuwa na kasoro, maana yalitaja mililita bila kutaja chupa. Kwa hiyo andikeni vyote viwili, acheni chupa iliyojaa, na acheni bomba la kupimia dawa. Kijiko cha chai kila jikoni kina ukubwa wake.

Pamoja na karatasi hiyo iwepo barua ya idhini: majina ya watoto, jina na namba ya kitambulisho cha anayebaki nao, tarehe za safari, na sentensi moja inayomruhusu kukubali matibabu, ya dharura yakiwemo, endapo wazazi hawapatikani kwenye simu. Wazazi wote wawili watie sahihi. Kuna hospitali zinazotaka barua ithibitishwe na wakili, hivyo iulizeni mapema ile hospitali mliyoiandika kwenye karatasi, si siku ya kuondoka. Kama nyumbani yupo mzee, hesabuni vidonge vyake kwa siku za safari na muongeze vya siku tatu, kwa ajili ya ndege iliyoahirishwa au barabara iliyokatika, kisha vipangwe kwenye kisanduku chenye vyumba vya siku. Mzee wa miaka 80 akiulizwa kama amemeza dawa ya presha atajibu ndiyo. Kisanduku ndicho kinachosema kweli.

Halafu fanyeni jaribio. Wiki tatu kabla ya safari, wazazi walale nje usiku mmoja, hata kama ni kwa jamaa wa mtaa wa pili, na wasipige simu. Asubuhi yake muulizeni mlezi alikwama wapi. Majibu huwa madogo na ya kushangaza: taa ya choo inawashiwa nje, mdogo halali bila kitambaa fulani, namba ya simu ya fundi ilikuwa na tarakimu moja pungufu. Kila moja ya hayo, likitokea wakati nyie mko kilomita elfu moja mbali, ni simu ya saa saba usiku.

Sasa habari. Familia nyingi siku hizi zina kundi la WhatsApp lenye watu thelathini, na hapo ndipo kila kitu kinapovurugika. Mtoto ameanguka amechubuka goti. Binamu anaandika "ameumia". Shangazi anasoma "amelazwa". Bibi anampigia mama aliyeko safarini akilia. Tatizo la mnyororo huo ni kuwa hakuna hata mmoja ndani yake aliyekuwa karibu na goti. Teueni mtu mmoja nyumbani awe ndiye msemaji, na mtu mmoja safarini, basi. Kila siku, saa ileile, msafiri atume ujumbe wenye mambo matatu: tuko wapi, tunalala wapi usiku huu, na ujumbe unaofuata utakuja lini. Hilo la tatu ndilo linaloleta usingizi. Mkiwaambia kesho hakuna mtandao hadi saa moja jioni, ukimya wa mchana kutwa hautamtisha mtu.

Na kwa upande wa nyumbani, kubalianeni mapema ni habari gani inapelekwa lini. Ya kwanza ni ile isiyosubiri: mtoto kupelekwa hospitali, msiba, moto, wizi. Hiyo hupigwa simu saa yoyote, hata kama wako kwenye chakula cha jioni walichokingoja mwaka mzima. Ya pili ni ile inayotaka uamuzi wa mzazi lakini inaweza kungoja hadi saa ya ujumbe, kama shule kuomba ruhusa ya ziara. Ya tatu ni ile ya kungoja warudi: kikombe kilichovunjika, ugomvi wa watoto, fundi kutotokea. Wanandoa wengi husema "tuambieni kila kitu", kisha wakiambiwa kila kitu hawatalii chochote. Kundi la tatu ndilo kubwa kuliko yote, na ndilo linalokula safari.

Watoto wadogo hawaelewi "Jumapili". Wachorewe visanduku kwa idadi ya usiku, na kila asubuhi wafute kimoja. Simu ya video na mtoto wa chini ya miaka sita iwe fupi, dakika tano zinatosha, na isipigwe saa ya kulala. Saa hiyo mtoto amechoka, anataka mwili wa mzazi si sura yake, na mlezi ndiye anayebaki na kilio baada ya simu kukatwa. Saa nzuri ni alasiri, kabla hajaanza kusinzia.

Picha za safari zibaki ndani ya familia hadi mrudi. Picha ya "tumeondoka siku tano" ikibandikwa hadharani ni tangazo kwamba nyumba haina wenyewe. Hatari zaidi ni ile picha wanayoipenda wote: pasipoti mbili na pasi za kupandia ndege zimepangwa pamoja juu ya meza. Kwenye pasi ile kuna namba ya uhifadhi wa tiketi na alama ya kusomwa na mashine. Kwa mashirika mengi, mwenye namba hiyo na jina la ukoo anaweza kuufungua uhifadhi wenu mtandaoni, akabadilisha viti au kufuta tiketi ya kurudi. Pigeni picha mikono iliyoshikana, hiyo haina namba.

Na kwa kuwa kumbukumbu ya ndoa ndiyo siku ambayo wengi huwaandikia ndugu habari za mwaka, nani amezaliwa, nani amehama, nani amemaliza shule, tuongeze neno moja. Habari ina mwenyewe. Ujauzito ni wa mwenye kuubeba, maradhi ni ya mgonjwa, alama za mtihani ni za mtoto hata akiwa na miaka kumi. Muulizeni kabla ya kutuma. Na isizidi ukurasa mmoja. Anayetaka zaidi atapiga simu.

Tuje kwenye saa. Chukueni safari ya mwisho wa wiki: kuondoka Ijumaa saa sita mchana, kurudi Jumapili saa kumi na mbili jioni. Hizo ni saa 54. Kama njia ni saa 6 kwenda na 6 kurudi, zimebaki 42. Usiku miwili wa saa 8, zimebaki 26. Kula, kuoga, kuvaa na kutafuta kilichosahaulika huchukua saa 10 kwa siku zote, na wala si za kubana. Kupokelewa hotelini, kukabidhi chumba na kungoja usafiri, saa 3. Zilizobaki ni 13. Sehemu moja ya kutazamwa kwa utulivu ni saa 2, na kuifikia pamoja na foleni ni saa 1. Kumi na tatu kwa tatu ni sehemu nne na kipande. Lakini orodha tunazoletewa huwa na sehemu tisa, kumi na moja, mara moja kumi na sita. Mtu huona zinaingia kwa sababu kwenye ramani zote ziko ndani ya duara dogo, na ramani haionyeshi foleni wala kiu.

Kanuni tunayoitumia ni hii: asubuhi jambo moja kubwa, alasiri moja dogo linaloweza kuachwa bila majuto, jioni wazi. Kila mmoja achague jambo moja la lazima, ambalo mwenzake halipingi, na kila mmoja awe na haki ya kukataa moja. Mwendo uwe wa anayetembea polepole, na kila dakika 50 kuwe na 10 za kukaa, zilizopangwa kwenye ratiba. Anayepumzika kwa sababu ameomba hujiona mzigo. Anayepumzika kwa sababu ratiba imesema hivyo hupumzika kweli. Miaka 25 huitwa ya fedha, 50 ya dhahabu na 60 ya almasi, na wanaofika dhahabu aghalabu wamepita umri wa miaka 70. Kwao ulizeni ngazi, si umbali. Kilomita moja ya tambarare yenye mabenchi ni rahisi kuliko ngazi 120 za mnara, na goti hulalamika zaidi wakati wa kushuka.

Makumbusho yana uchovu wake wa pekee. Mwaka 1916 Benjamin Ives Gilman, aliyekuwa akifanya kazi kwenye makumbusho ya sanaa ya Boston, Marekani, aliandika kuhusu uchovu huo akionyesha picha za mtu anayejikunja, kuinama na kujinyoosha ili aone tu vitu vilivyowekwa chini mno au juu mno. Mgongo huchoka kabla ya macho. Basi ingieni mkiwa na vyumba vitatu mlivyovichagua, mvione kwanza, halafu mzurure kama nguvu zipo. Kwenda kwa mpangilio wa mlango hadi mlango ni kutumia miguu mipya kwa vitu msivyovijali.

Na tazameni siku ya kufungwa. Makumbusho mengi duniani hufungwa Jumatatu, ila Louvre ya Paris hufungwa Jumanne, na Taj Mahal ya mjini Agra, India, haipokei watalii Ijumaa. Anayefika Agra Ijumaa asubuhi na kuondoka jioni ataliona kuba kutoka ng'ambo ya mto tu. (Wanaokwenda pale kwa ajili ya mapenzi wakumbuke kuwa lile ni kaburi. Mumtaz Mahal alifariki mwaka 1631 akijifungua mtoto wa kumi na nne, na Shah Jahan akamjengea. Tunalitaja kwa sababu wapo wanaoshangaa wakifika.)

Tarehe ya ndoa haihami, lakini safari si lazima iangukie siku hiyo. Maporomoko ya Victoria ni mfano mzuri. Aprili na Mei Zambezi hujaa hivi kwamba manyunyu hupanda mamia ya mita, na aliyesimama mbele haoni kitu ila weupe, huku akilowa hadi nguo za ndani. Oktoba na Novemba, hasa upande wa Zambia, sehemu kubwa ya ukuta hubaki mwamba mtupu. Waliooana Novemba wakaenda Novemba hurudi wakisema picha za kwenye vitabu ni za uongo. Waende Juni, Julai au Agosti, na tarehe yenyewe waiadhimishe nyumbani. Kama lengo ni upinde wa mvua wa usiku, unataka maji mengi pamoja na mwezi mpevu, kwa hiyo hapo kalenda ya mwezi ndiyo inayopanga safari. Wanaohesabu ndoa yao kwa mwaka wa Hijria wana bahati ya aina yake: mwaka huo ni mfupi kuliko wa Miladia kwa siku 10 au 11, hivyo tarehe yao itazunguka misimu yote kwa muda wa miaka 33 hivi, na ipo siku msimu mzuri utawafuata wenyewe. Waliooana tarehe 29 Februari wajichagulie.

Kosa la karatasi linaloongoza ni jina la mke. Mume ndiye anayekata tiketi, na kwa mapenzi tele anaandika jina la kwanza la mkewe na jina lake mwenyewe. Pasipoti ya mke bado ina jina la baba yake. Kwenye kaunta ya ndege hao ni watu wawili tofauti. Mashirika mengi hurekebisha herufi moja mbili zilizokosewa, lakini jina zima la ukoo mara nyingi huhesabiwa kuwa ni abiria mwingine, na tiketi hununuliwa upya. Fungueni pasipoti, nakilini herufi kwa herufi. Mkiwa hapo tazameni pia tarehe ya kuisha: nchi nyingi hutaka pasipoti iwe na miezi sita mbele, na zipo zinazodai kurasa mbili tupu. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano huanza kutambulika siku ya 10 baada ya kuchanjwa, kwa hiyo kuchanjwa siku mbili kabla ya kuondoka hakusaidii mpakani. Lakini cha zamani msikitupe, maana tangu tarehe 11 Julai 2016 cheti hicho ni cha maisha. Nakala za vyote hivyo zibaki kwa yule msemaji wa nyumbani.

Manukato ni zawadi inayopotea sana. Viwanja vingi vya ndege bado vinashika kanuni iliyoanza mwaka 2006, kwamba chupa ya kimiminika kwenye begi la mkononi isizidi mililita 100. Kinachotazamwa ni ukubwa wa chupa. Chupa ya 150 iliyobaki nusu nayo huchukuliwa. Iwekwe kwenye begi kubwa. Betri ya akiba ya kuchajia simu ni kinyume chake, haiwekwi kamwe kwenye begi kubwa kwa sababu ya hatari ya moto, na mkononi kikomo cha kawaida ni wati-saa 100. Hesabu yake ni rahisi: namba ya mAh iliyoandikwa juu ya betri zidisha kwa 3.7, gawanya kwa 1,000. Ya 20,000 ni wati-saa 74, inapita.

Hotelini semeni mnachosherehekea wakati wa kuhifadhi chumba, kwa maandishi, na mrudie saa 48 kabla ya kufika. Andikeni "kitanda kimoja kikubwa", kwa sababu "chumba cha watu wawili" kwa mapokezi kinaweza kuwa vitanda viwili vya futi tatu, na usiku wa manane hakuna wa kuvihamisha. Jioni maalumu iwekwe siku ya pili. Siku ya kwanza ni ya kuchelewa, ya begi lisilofika na ya miguu iliyovimba; anayeweka meza ya saa mbili usiku siku ya kuwasili huwa ameiweka kamari. Fedha zigawanywe, kila mmoja na kadi yake na mfuko wake. Mashine ya kadi ikiuliza mlipe kwa fedha ya kwenu au ya nchi mliyopo, chagueni ya nchi mliyopo, kwa kuwa ile ya kwenu hubadilishwa kwa kiwango cha mwenye mashine, na mara nyingi kiwango hicho ni kibaya kuliko cha benki yenu.

Viatu vipya vya safari ni kosa la mapenzi pia. Vivaliwe nyumbani wiki mbili kwanza. Lengelenge hutokea pale ngozi iliyolowa jasho inaposuguliwa, kwa hiyo kubadili soksi mchana husaidia kuliko kukaza kamba.

Mwili una mambo matatu ambayo wanandoa huyagundua wakiwa wamechelewa. La kwanza ni mwinuko. Cusco, mji wa Peru wa kuingilia magofu ya kale ya Machu Picchu, uko mita 3,400 hivi juu ya usawa wa bahari, wakati Machu Picchu yenyewe iko takribani 2,430. Wanandoa hutua Cusco, wakanywa divai ya kusherehekea usiku uleule, kesho yake vichwa vinapasuka. Maradhi ya mwinuko huweza kuanza kuanzia mita 2,500, na pombe na uchovu havisaidii. Inafaa kushuka kwanza mkalale bondeni, halafu Cusco muimalizie mwishoni. La pili ni kupiga mbizi kwa mitungi. Baada ya kupiga mbizi ngojeni angalau saa 18 kabla ya kupanda ndege, na 24 ni salama zaidi, maana naitrojeni iliyobaki mwilini hufanya mapovu shinikizo la hewa likishuka. Mbizi ziwe siku za mwanzo. La tatu ni ujauzito: mashirika mengi hudai barua ya daktari kuanzia wiki ya 28 na hukataa abiria baada ya wiki ya 36, kwa mimba ya mtoto mmoja. Hesabuni wiki za siku ya kurudi. Siku ya kwenda kila mtu huikumbuka.

Picha, kwa ufupi. Wengi hurudi na mia mbili za mke peke yake, mia za mume peke yake, na za wote wawili tatu, zote za mkono ulionyooshwa. Simu ina kipima muda cha sekunde 10. Iegemezeni kwenye kitu cha kimo cha kifua, mtulie. Mkimwomba mpita njia, mmoja wenu asimame kwanza, mwingine apange picha, kisha amkabidhi simu aliyemwomba huku akimwonyesha asimame wapi na asikate miguu. Saa ya kwanza baada ya jua kuchomoza na ya mwisho kabla halijazama ndizo zenye mwanga laini. Mchana kati jua huweka kivuli kwenye macho. Na kama nyuso ni nyeusi na nyuma yenu kuna mbingu nyeupe au bahari inayong'aa, simu itapima mbingu na kuwaacha nyie vivuli. Gusa uso kwenye skrini, kisha ongeza mwanga kidogo.

Kurudi kuwe siku moja kamili kabla ya kazi. Mtoto wa miaka miwili au mitatu anaweza kuwageuzia mgongo mlangoni, akamng'ang'ania mlezi. Hiyo ni kawaida na hupita kwa siku chache, mradi asilazimishwe kukumbatia wala kuhongwa zawadi palepale. Kaeni chini naye, mwache aje. Mlezi asiondoke jioni hiyohiyo. Alale, asubuhi muipitie pamoja ile karatasi: kipi hakikuwepo, kipi kilikosewa, ni ipi kati ya habari za kungoja iliyotakiwa kupelekwa mapema. Andikeni masahihisho kwa kalamu palepale, irudisheni droo ileile, na uzito wa watoto ufuteni, maana mwakani hautakuwa huo.

Wenu,
Wapangaji wa safari za familia